Jinsi ya kukua kwenye upigaji picha ukiwa na kamera hiyo hiyo: mtaani, sura za watu na safarini

Wengi tunaopiga picha kama hobi tunafika mahali tunakwama. Picha zipo fresh, fokasi iko poa, rangi nzuri, ila ukizipanga kumi unaona kama ni picha moja tu imerudiwa, alafu mtu anaanza kuulizia bei ya lenzi mpya. Mimi naamini kinachotukwamisha mara nyingi ni kwamba hatukai mahali, tunapita, tunapiga, tunaondoka, na yule tuliyempiga haioni picha yake maisha. Kwa hiyo mwongozo huu wote una jambo moja ndani yake, rudi pale pale, na picha uliyopiga mpelekee mwenyewe. Mifano yangu mingi ni ya Dar na Unguja maana ndo ninakopajua, ila ukiwa Mombasa, Tanga, Bujumbura au hata Muscat utabadilisha majina ya mitaa tu.

Anza na kona unayopita kila siku

Usihangaike kutafuta sehemu ya kupendeza, tafuta sehemu ambayo unaipita hata ukiwa huna kamera: kituo unaposhukia daladala, genge unaponunua nyanya, baraza yenye fundi cherehani. Sababu yangu kubwa ni mwanga. Mtu aliyezoea kona yake anajua saa moja na nusu asubuhi jua linaingia kati ya maghorofa mawili na kuupiga ukuta wa duka la vitenge kwa dakika chache, na anajua ikifika saa kumi ukuta huo wote uko kivulini, na mgeni mwenye kamera ya mamilioni hajui hayo. Pita hapo asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima bila hata kupiga, angalia tu kivuli kinaangukia wapi, andika kwenye simu.

Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima na kuzama wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu wanaousifia kwenye video za YouTube huku kwetu unakatika fasta sana, toka jua lizame mpaka giza kuingia ni kama dakika ishirini na kidogo, ukifika saa kumi na mbili jioni ndo unaanza kutafuta pa kusimama ujue umeshachelewa. Dar mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri linakuwa juu ya utosi kabisa, kivuli kinakaa chini ya miguu na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Saa hizo usilazimishe kupiga watu juani, waingie barazani au chini ya mwembe, au geukia vitu vinavyopenda jua kali kama mistari ya kivuli cha uzio na rangi za kanga kwenye kamba.

Na masika usijifungie ndani jamani. Mwezi wa nne watu wengi wanaweka kamera kabatini wakati ndo mawingu yanafanya mwanga uwe laini kutwa nzima, madimbwi yanarudisha anga chini, miavuli ya rangi imejaa mtaani. Visha kamera mfuko usiopitisha maji, toboa tundu la lenzi, funga na rababendi, toka.

Kwenye kona yako fanya hivi: tafuta mwanga kwanza, mtu atakuja mwenyewe. Simama pale mwanga unapoangukia, pima mwanga mapema, panga fremu, alafu subiri. Mfano muuza kahawa. Ana dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vimo kwenye ndoo ya maji, kashata kwenye sahani, na wewe unataka ule mvuke uonekane. Ukiwa na jua mgongoni kwako mvuke hautauona kabisa. Zunguka upande wa pili mpaka jua liwe nyuma ya dele, alafu hakikisha nyuma yake kuna kitu cheusi, mlango uliofunguka au ukuta ulioko kivulini, hapo mvuke unawaka mweupe, unauona unavyojikunja ukitoka kwenye mdomo wa dele hadi kwenye kikombe. Pima mwanga hapo kwenye mvuke, vingine viache viwe giza. Ila kwanza kaa, agiza kahawa, kunywa, salimia wazee wanaocheza bao, na siku ya kwanza si lazima kamera itoke kabisa.

Sehemu nyingine ninayoipenda sana ni Feri, soko la samaki la Dar. Fika alfajiri madau yakiwa yanaingia na mnada umeanza. Nenda kwa vijana wanaopara samaki, simama upande ambao jua linakuja kukuelekea, magamba yanaruka na kila moja linashika mwanga wake. Ukitaka yagande hewani weka shata, yaani muda kamera inaojifungua kupokea mwanga, 1/1000 ya sekunde, ukitaka yawe mistari na mkono upotee kwa mwendo shusha mpaka 1/30 na ushikilie kamera vizuri, piga zote mbili ulinganishe, utajifunza shata kuliko kusoma somo lolote. Vaa viatu visivyoteleza. Ila kumbuka pale umepakana na Ikulu ya Magogoni na ng'ambo kuna shughuli za bandari, kwa hiyo kamera iangalie samaki na watu wako, usiielekeze kwa askari wala kwenye geti, na mlinzi akikuuliza jibu kwa upole na muonyeshe ulichopiga.

Kariakoo nayo ni dhahabu tupu lakini nenda na mwenzio, mkanda wa kamera uuzungushe mkononi, begi lije mbele. Mmoja anapiga mwingine anaangalia, alafu mnabadilishana.

Kuhusu vifaa niseme kwa ufupi

Simu yako inatosha kuanza. Picha ya kusafisha kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800 hivi, ambayo ni megapikseli mbili na kidogo, simu yoyote ya leo inavuka hapo mbali. Mpiga picha wa habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar, alianza utotoni na Box Brownie, kamera ya boksi isiyo na cha kurekebisha zaidi ya kusogea mbele na kurudi nyuma, na mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo hapo Dar, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 dunia nzima iliziona. Kama tayari una kamera ya kubadilisha lenzi yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha, aina ya APS-C), lenzi moja ya 50mm f/1.8 ni bei ya kawaida na inakupa mwonekano wa kama 75mm au 80mm, safi kabisa kwa sura za watu. Funga hiyo moja, zingine ziache nyumbani mwezi mzima, utaona miguu yako inaanza kufanya kazi.

Kitu ambacho watu wa pwani tunakidharau ni unyevu. Ukitoka kwenye chumba chenye AC ukaingia joto la nje lenzi inaingia ukungu hapo hapo, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa izoee kwanza. Na nyumbani usiihifadhi kwenye begi la ngozi kabatini miezi na miezi, kuvu inaota ndani ya vioo na haitoki kirahisi, weka kwenye kontena la plastiki linalobana na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Sura za watu

Hapa ndo nitakaa kidogo maana ndo ninapopapenda, na ndo tunapokosea mwanga wa ngozi zetu wenyewe.

Kamera inapima kana kwamba kila kilicho mbele yake kina weusi wa wastani. Sasa mpige rafiki yako mweusi Coco Beach na anga jeupe nyuma, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, uso unakuwa giza hauna hata macho. Hapo ongeza mwanga hatua moja (+1 kwenye kamera) au zaidi, kwenye simu gusa uso alafu buruta ile alama ya jua kwenda juu, au cha maana zaidi mgeuze asimame mbele ya kitu cheusi zaidi. Kuna kosa la upande wa pili ambalo halizungumzwi: ukimsogelea uso ukajaza fremu yote, kamera inaona weusi mwingi, inaongeza, na ngozi inapauka, ule utamu wake wote unapotea. Hapo punguza kidogo. Na akiwa kavaa kanzu nyeupe angalia kanzu isiungue ikawa karatasi tupu, ni bora uso uwe na giza kidogo utakaoupandisha kwenye kuediti kuliko kitambaa kilichopotea mazima, na ndo maana kama kamera yako ina RAW, yaani picha ghafi inayovumilia kurekebishwa, iwashe.

Jambo la pili, ngozi nyeusi umbo lake linaonekana zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Kwa hiyo unataka chanzo cha mwanga kikubwa kinachotoka pembeni, mlango ulio wazi, dirisha, ukuta mweupe unaopigwa na jua ng'ambo ya barabara, ule mng'ao unatambaa taratibu kwenye paji la uso, shavu na pua na unaona uso umejengeka. Usikimbilie kumpaka poda kila mtu akauke, mafuta ya nazi kidogo kwenye uso na mikono yanasaidia sana, hasa kwa wazee wenye mikunjo.

Jaribu nyumbani kabla hujamsumbua mtu wa nje. Mweke bibi au mama kwenye kiti karibu na mlango, hatua moja ndani ili jua lenyewe lisimguse, mgeuze kidogo aangalie nje kwa ubavu. Zima taa ya dari, la sivyo utapata upande mmoja wa njano na mwingine wa buluu. Upande wa kivuli mpe mtoto ashike shuka jeupe mwanga urudi. Nyuma tundika kanga. Alafu ongea naye, muulize habari za ujana wake, usimwambie atabasamu, we subiri anapomaliza sentensi, pale anapovuta pumzi, ndo bonyeza. Mikono pia usiisahau, nusu ya watu hawajui waiweke wapi, mpe kitu cha kushika anachokishika kila siku, ungo, tasbihi, miwani.

Kwa mazoezi ya pozi usiende mbali, fungua albamu ya nyumbani. Karibu kila familia ina zile picha nyeusi na nyeupe za studio, babu kakaa, bibi kasimama mkono begani. Pwani yetu ina urithi mkubwa wa studio, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh kuanzia miaka ya 1940. Zile picha zitazame taratibu: taa ilitoka upande gani, kidevu kimeinuliwa kiasi gani, viatu vinaonekana au havionekani, kwa nini mkono mmoja uko mezani. Chagua moja, muite mjukuu wa yule aliyekaa kwenye kiti, mrudie pozi lile lile kwa mwanga wa mlangoni. Familia itakupenda mpaka ushangae, na wewe utakuwa umejifunza kupanga mtu kwenye fremu kutoka kwa mafundi kweli kweli.

Kuomba ruhusa sasa, maana wengi ndo panapowashinda. Salamu kwanza, na salamu iwe salamu. "Shikamoo mzee, za asubuhi, naitwa fulani nakaa hapo nyuma ya msikiti, najifunza kupiga picha, mwanga hapo ulipokaa ni mzuri sana, unaniruhusu nikupige moja? Nitasafisha nikuletee." Yaani jitambulishe, sema unachokiona kwake, sema utakachomfanyia. Akikataa, "sawa mama, asante, kazi njema," na kamera ishuke kweli, sio unazunguka nyuma ya nguzo unampiga kwa kuvizia, hiyo inaharibia na wengine wote watakaokuja baada yako. Akitaka hela, mimi maoni yangu ni haya: kama unataka dakika moja nunua anachouza, kama unataka akukalie nusu saa akiacha biashara yake basi mlipe muda wake na mkubaliane kabla. Watoto omba kwa mzazi, na usiposti mtoto akiwa na sare inayoonyesha shule yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya 2019, sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake, kwa hiyo unapoomba kupiga omba pia kama unaweza kuposti, ni maswali mawili tofauti.

Safisha, peleka

Hapa ndo watu hukua na hawajui. Kila mwisho wa mwezi chagua picha chache za kona yako, peleka studio wasafishe 4 kwa 6, nyuma andika tarehe kwa penseli, alafu beba uende ukagawe. Ukimkabidhi yule fundi cherehani picha yake mtazame anavyoishika, ataangalia nini kwanza. Mara nyingi haangalii kile ulichokiona wewe. We ulipenda mwanga kwenye bega, yeye anaangalia ile nguo aliyokuwa anashona, anakwambia hii ilikuwa ya harusi ya fulani, bora ungekuja kesho yake ilipokamilika. Basi hapo umepata picha inayofuata, amekupa yeye, na kesho ukija anakuita mwenyewe "we mpiga picha, njoo uone hii." Anakuruhusu kuingia ndani ya kibanda ambako mgeni haingii. Hakuna lenzi inayokusogeza karibu namna hiyo.

Zile ulizobaki nazo zitandaze kwenye mkeka chini, simama uziangalie kutoka juu. Kwenye kioo cha simu kila picha inajitetea peke yake, kwenye mkeka unaona mara moja kwamba zote umepiga kutoka urefu wa macho yako, zote mtu yuko katikati, hakuna hata moja ya mgongo au ya miguu. Mwezi unaofuata kazi yako ndo hiyo, chuchumaa, panda ngazi, piga migongo. Muite na mtu mmoja mwenye jicho zuri na mdomo wa ukweli azitazame, mmoja anatosha, anakusaidia kuliko lundo la laiki.

Kuediti usikuzidi. Nyoosha mstari, pandisha kivuli kidogo, rekebisha rangi, basi. Ukiona umekaa na picha moja usiku kucha ujue ilipigwa vibaya, rudi ukaipige tena, si umeshazoeana nao?

Safarini

Safari nayo ifanye kama kona yako, kijiji kimoja kwa siku tatu ni bora kuliko vijiji sita kwa siku tatu. Kama huna nafasi wala hela ya kwenda mbali, Bagamoyo unaenda na kurudi siku moja kutoka Dar, na cha maana unaweza kurudi mwezi ujao na picha za watu mkononi.

Kabla hujaenda pwani yoyote soma mwezi na maji kabla ya kusoma hoteli. Chukua Paje au Jambiani, kule kina mama wanalima mwani. Kazi yao inafuata bamvua, siku zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji yanakupwa mbali kabisa, na Unguja siku za bamvua maji yanakuwa chini kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Maana yake ukienda siku za maji mafu, ambapo maji hayakupwi mbali, utakuta bahari tu na watalii. Na maana yake nyingine ni kwamba kazi inafanyika jua likiwa tayari kali, usitegemee mwanga wa dhahabu, kwa hiyo piga ukielekea jua, tumia maji ya chini yanayong'aa, watu wawe vivuli vyeusi kati ya mistari ya kamba na vijiti, au subiri wanapotoka na magunia kichwani na kwenda kuanika, pale majumbani chini ya minazi mwanga ni laini na mazungumzo yanawezekana. Kina mama hawa wameshachoshwa na kamera za wapita njia. Siku ya kwanza nenda bila kamera, omba uwasaidie kubeba, utajua kwa mgongo wako gunia la mwani bichi lina uzito gani, na picha zako za kesho yake zitakuwa za mgongo na shingo badala ya mandhari.

Mji Mkongwe kila mtu anapiga milango. Piga mlango unapofunguka, mwenyewe anapotoka, au mtoto katumwa dukani. Na pale kwenye saa tano mpaka saa nane, wakati ufukweni hapapigiki, ingia vichochoroni. Jua linapiga juu ya ukuta mmoja, linarudi ukuta wa pili, linashuka mpaka chini likiwa limelainika, ni studio nzima ya bure. Tafuta kichochoro chenye kuta nyeupe, kaa barazani, weka shata 1/250, subiri baiskeli, buibui, mkokoteni. Ukisikia adhana kamera ipumzike, watu wanakwenda kuswali, na ndani ya msikiti huingii na lenzi bila kuruhusiwa na wenyewe.

Usiku kabla ya kulala hamishia picha sehemu ya pili, flashi au simu nyingine, kadi moja ikiingia maji ya chumvi umepoteza safari.

Na kabla hujaondoka kijijini chukua majina. Andika kwenye daftari, jina, namba ya simu kama anayo na amekubali, na alama ya nyumba. WhatsApp ni sawa kwa vijana, lakini bibi mlima mwani anataka karatasi ya kuweka ukutani. Ukishindwa kurudi mwenyewe safisha picha, weka kwenye bahasha ngumu isikunjike, andika jina la mwenye picha na la duka lililo karibu naye, mpe mtu unayemwamini anayevuka na boti, akishuka Unguja amkabidhi konda wa daladala ya huko, na upige simu dukani useme ni gari gani na inafika saa ngapi.